Kosa lile lile kwenye mradi mwingine: tuandike wapi tulichojifunza?

Swali: "Shikamoo kaka. Tuko wanne, ofisi yetu ipo Nyegezi. Tunatengeneza mifumo ya shule na ya vyama vya kuweka na kukopa, na sasa tumepata kazi ya wavuvi. Kila tukigundua kitu tunakiweka kwenye kundi letu la WhatsApp, lakini miezi ikipita kosa lile lile linajirudia kwenye mradi mwingine, wakati mwingine kwa mkono wa mtu yule yule. Tulijaribu kuandika dokumenti moja ndefu, hakuna anayeifungua. Mwenzetu anayejua mengi kuliko sisi anahamia Dar es Salaam mwisho wa mwezi. Tufanyeje ili tunachojifunza mradi huu kitusaidie na mwingine?"

Marahaba, mdogo wangu. Ugonjwa huu nimeuugua miaka mingi, na dawa niliyoipata haiuzwi kama programu. Ngoja nianze na kisa kimoja cha kwetu, kwa sababu karibu yote ninayotaka kukuambia yamo ndani yake.

Sisi tupo Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki. Tulimtengenezea mteja, chama cha akiba na mikopo, mfumo wa kuwakumbusha wanachama marejesho kwa meseji. Meseji ilikuwa hivi: "Habari Ng'wandu, rejesho lako la Sh 45,000 linatakiwa kabla ya Ijumaa saa 10 jioni. Lipa kwa simu au fika ofisini. Asante." Ukihesabu na nafasi, ni herufi 122. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, kwa hiyo kila mwanachama alitakiwa kugharimu meseji moja. Lakini salio tulilonunua la mwezi mzima likaisha kabla ya mwezi kuisha. Tukakagua orodha: hakuna aliyetumiwa mara mbili. Tukakagua ratiba: sawa. Siku tatu tulizimaliza tukiamini tumeibiwa.

Hatukuwa tumeibiwa. Katibu wa chama alikuwa ameandika majina kwenye Word, na Word hugeuza ritifaa, ile alama iliyo baada ya "Ng" kwenye jina Ng'wandu, kutoka iliyonyooka kuwa iliyopinda, inayofanana na mkato ulioinuliwa juu ya mstari. Ukiwa na haraka huoni tofauti. Ila seti ya herufi za msingi za meseji za simu inaitambua ritifaa iliyonyooka peke yake. Ikikutana na herufi moja tu isiyoijua, meseji nzima inahamishiwa kwenye mfumo mwingine wa herufi, na uwezo wake unashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 67 kila kimoja. Basi Juma alikuwa analipiwa meseji moja, Ng'wandu mbili. Na huku kwetu akina Ng'wandu na Ng'washi si wachache.

Tukarekebisha, tukashukuru Mungu, nami nikaandika kwenye kundi: "Jamani, kuweni makini na majina ya Kisukuma kwenye meseji."

Miezi minane baadaye kijana mwingine wa timu yetu alikuwa anatengeneza mfumo wa shule. Alilikumbuka onyo langu na akayasafisha majina ya wazazi wote. Kisha mwalimu akanakili kutoka Word tangazo la mchango wa ng'ombe wa mahafali, akalibandika kwenye mfumo, na kila mzazi, awe Ng'washi au Juma, akagharimu meseji mbili badala ya moja.

Yule kijana alitii nilichomwambia, kosa lilikuwa kwenye onyo langu. Niliandika mahali tatizo lilipoonekana, yaani majina, nikaacha sababu yake, yaani ritifaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuandika tu hakutoshi. Ninyi mnaandika, tena mara nyingi. Shida ni kwamba mnachokiandika bado kimefungwa kwenye mradi kilikotoka.

Leo funzo hilo limo kwenye faili lake, na jina la faili ni sentensi kamili: "Ritifaa iliyopinda hupunguza meseji kutoka herufi 160 hadi 70." Ndani yake kuna haya tu:

Dalili: Salio la meseji linaisha mapema ingawa idadi ya waliotumiwa ni sahihi.
Chanzo: Herufi isiyomo kwenye seti ya msingi ya meseji. Mara nyingi ni ritifaa au alama za kunukuu zilizopinda, zilizotoka Word au kwenye simu ya mtumiaji.
Cha kufanya: Safisha maandishi yote ya meseji, majina na kiolezo (ujumbe unaozunguka jina) pamoja, sekunde ya mwisho kabla ya kutuma. Jaribu kwa jina Ng'wandu na neno ng'ombe, yote mawili yakiwa na ritifaa iliyopinda.
Mipaka: Haihusu WhatsApp wala barua pepe. Kwa Kiarabu na maandishi mengine yasiyomo kwenye seti hiyo, kikomo kitabaki 70 hata ukisafisha.
Yalikotokea: mfumo wa marejesho, mfumo wa shule.
Limethibitishwa mara ya mwisho: (mwezi na mwaka).

Nimetanguliza dalili kwa makusudi. Atakayelitafuta faili hilo hatakuwa anajua chanzo, angekuwa anakijua asingetafuta. Ataandika anachokiona: "salio la meseji linaisha". Kwa hiyo andikeni dalili kwa maneno ambayo mtu aliyekwama angeyatumia saa tano usiku. Na kama skrini ilitoa ujumbe wa kosa, unakilini kama ulivyo, herufi kwa herufi, hata ukiwa mrefu na mbaya, maana ndio atakaoubandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Maelezo yaliyobaki yaandikeni kwa Kiswahili mnachozungumza ofisini. Nimeona timu zikiandika kwa Kiingereza cha kujikaza, funzo la mistari sita linakuwa kurasa mbili na mwandishi anachoka kabla hajafika kwenye chanzo.

Sehemu inayowasumbua wengi ni kujua funzo liwe pana kiasi gani. "Kuweni makini na majina ya Kisukuma" ni jembamba, na tena limepotoka. "Jaribuni meseji zote kabla ya kutuma" ni pana mno: hakuna atakayebisha na hakuna atakayefanya. Mimi hujiuliza swali moja: mtu ambaye hajawahi kumsikia mteja huyu, akisoma hapa, atajua afanye nini Jumatatu? Nikiona jina la mteja linahitajika ili sentensi ieleweke, funzo bado halijaiva. Nikiona sentensi ingefaa pia kwenye kozi ya uongozi, limeiva kupita kiasi.

Sasa nikae kidogo kwenye huo mstari wa mipaka, kwa sababu ndio watu wanaouruka, na nimeshalipia kuuruka.

Tulikuwa na mfumo wa kurekodi samaki wanaoshushwa mwaloni. Seva ilitunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, kama seva nyingi zinavyofanya, na saa za Tanzania zipo mbele yake kwa saa 3. Mitumbwi ya dagaa huvua usiku, kwa hiyo mzigo ulioshushwa kabla ya saa tisa usiku ulihesabiwa kwenye siku iliyopita, na ripoti za kila siku zikawa hazilingani na daftari la karani. Tukaandika funzo: "Ongeza saa 3 kabla ya kutoa ripoti." Lilikuwa kweli kwa mradi ule.

Mradi uliofuata ulitumia zana nyingine ya ripoti, ambayo yenyewe ilishabadilisha muda kuwa wa Dar es Salaam. Mwenzetu akasoma funzo, akaongeza saa 3 juu ya zile ambazo tayari zilikuwa zimeongezwa. Mtumbwi ulioshusha saa kumi na moja alfajiri ukaonekana kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, kama 02:00 na kwenye ripoti kama 08:00. Unaona mtego? Mbili na nane, tofauti ya saa 6, sawasawa na tofauti ya kuhesabu saa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sote tukaamini karani aliingiza "saa 2" akimaanisha saa mbili asubuhi. Tukampigia simu mara mbili kumuuliza, naye akasisitiza kwamba hakuandika saa yoyote, amebonyeza kitufe tu. Alikuwa anasema kweli. Funzo letu lenyewe ndilo lililoleta hitilafu, kwa sababu halikusema "hii ni kwa ripoti inayosoma kanzidata moja kwa moja".

Wakubwa kuliko sisi wameumia hapo hapo. Roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliporuka mara ya kwanza, Juni 4, 1996, ilipotea sekunde zipatazo 40 tu baada ya safari kuanza. Sehemu ya programu yake ya kuongoza ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri kwa miaka. Ndani yake kulikuwa na hesabu ya kugeuza namba ya biti 64 kuwa ya biti 16, yenye nafasi ndogo zaidi, na kwa Ariane 4 namba ile isingeweza kuwa kubwa kiasi cha kufurika. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mwingine, namba ikawa kubwa, ikafurika, na mtambo wa pili wa akiba ukaanguka kwa sababu ile ile kwa kuwa uliendesha programu ile ile. Kodi, yaani maandishi ya programu, ilihama kwenda roketi mpya, na sharti lililoifanya iwe salama halikuhama nayo. Ninaposoma funzo lisilo na mstari wa mipaka huwa nawaza hilo, ingawa sisi tunahesabu dagaa.

Kuhusu mahali pa kuweka, sina maneno mengi. Fungueni repo (ghala la mafaili) moja ya peke yake, nje ya miradi yote, iitwe "mafunzo". Funzo moja, faili moja, maandishi ya kawaida. Mnatumia Git tayari, programu inayotunza historia ya kila badiliko la mafaili, kwa hiyo mtaona nani ameandika nini na lini, na funzo litakaguliwa na mwenzako kama kodi inavyokaguliwa. WhatsApp iacheni iwe ya kuitana. Mle ndani funzo linakaa katikati ya picha za harusi na "nani ana chaja", na anayejiunga na kundi leo haoni yaliyoandikwa mwaka jana. Dokumenti ndefu ina shida nyingine: ili kujua kama kuna kitu kinachokuhusu lazima uisome yote.

Msichanganye mafunzo na maamuzi. "Tumechagua kanzidata hii kwa mteja huyu kwa sababu hizi" ni uamuzi, ubaki kwenye repo ya mradi huo. Mwaka 2011 mhandisi wa programu Michael Nygard alipendekeza namna nzuri ya kuandika maamuzi ya aina hiyo kwa ufupi, kila moja kwenye faili lake, na inafaa kuifuata. Funzo ni kile ambacho mteja mwingine, asiyejuana na huyu, angeumia nacho pia.

Liandikwe lini? Siku ile ile ya kurekebisha, kabla kazi haijafungwa, na aliyeumia ndiye aandike. Dakika kumi zinatosha. Mkisema "tutaandika Ijumaa", Ijumaa maumivu yatakuwa yamepoa na mtakumbuka suluhisho bila kukumbuka dalili, wakati dalili ndiyo yenye thamani.

Kusomwa ndiko kugumu, na nadhani ndiko dokumenti yenu ilikofia. Msitegemee mtu asome kwa hiari yake. Tegemeeni njia anayolazimika kuipita. Kwetu kila mradi mpya unaanza kwa kuitafuta repo ya mafunzo kwa maneno manne matano ya kazi yenyewe: meseji, malipo, tarehe, namba za simu, Excel. Anayeanza mradi anasoma yanayojitokeza na kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi ni yapi yanamhusu. Inachukua muda wa chai moja. Mnaoingia kwenye kazi ya wavuvi sasa, mkitafuta "malipo" mtakutana, kwa mfano, na lile la taarifa ya malipo ya simu kuja mara mbili mtandao ukikatika katikati, na kwamba namba ya muamala isiruhusiwe kuingia mara mbili kwenye kanzidata. Mkitafuta "Excel" mtakuta kwamba inakula sifuri ya mwanzo ya namba za simu, zile za 07 na 06, na kwamba ni vyema namba zote zitunzwe kwa kuanza na 255. Kama hamna haya bado, ndiyo mawili ya kuanza nayo, maana nina hakika yameshawapata.

Njia ya pili ni bora zaidi: funzo likishaonekana mara mbili, ligeuzeni kuwa kodi. Sisi leo hakuna anayehitaji kukumbuka ritifaa. Kuna kipande kimoja cha kusafisha meseji ambacho miradi yote inakitumia, pamoja na jaribio lenye jina Ng'wandu. Mtu akikiondoa, jaribio linagoma. Faili la funzo limebaki kueleza kwa nini kipande hicho kipo, ili siku moja mtu mwenye nia njema asije akakifuta akidhani hakina kazi.

Kama mnatumia programu za akili mnemba kuandika kodi, na siku hizi nani hatumii, zielekezeni zisome repo hiyo kabla ya kuanza. Zinasoma bila kuchoka, na hapo mafunzo yenu yatafanya kazi kuliko mlivyozoea. Ila mashine haitapiga simu kumuuliza karani. Ikikuta "ongeza saa 3" bila mipaka itaongeza saa 3 kwenye kila mradi mlio nao kwa siku moja. Kwa hiyo kadiri mnavyozitumia, ndivyo mstari wa mipaka unavyozidi kuwa wa lazima.

Mafunzo pia huzeeka, na funzo lililozeeka ni baya kuliko kutokuwa na funzo, kwa sababu linaaminiwa. Tulikuwa na moja la mifumo ya usafirishaji: safari ya Mwanza kwenda Sengerema au Geita iongezewe muda wa kusubiri kivuko cha Kigongo. Kila aliyewahi kukaa pale kwenye foleni ya magari anajua lilikuwa la kweli. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, na funzo likawa uongo siku moja. Hatukulifuta. Tuliandika juu kabisa kwamba limekwisha, lini na kwa nini, maana kodi ya zamani inayoongeza muda ule bado ipo kwa wateja, na atakayeikuta atataka kujua ilitoka wapi. Majina nayo hubadilika. Mwaka 2024 Tigo Pesa ilibadilishwa jina kuwa Mixx by Yas, na kijana aliyetafuta "Mixx" kwenye mafunzo yetu hakupata chochote, wakati tulikuwa na mafaili matatu. Sasa tunaandika majina yote mawili. Mara moja kila miezi mitatu tunakaa na kupitia yale ambayo tarehe yake ya mwisho ya kuthibitishwa imepita mwaka.

Jambo moja ninaloomba mlichukulie kwa uzito mkubwa: msiweke kwenye mafunzo namba halisi ya simu, jina kamili la mwanachama, wala nywila ya mteja, hata kama ndivyo kosa lilivyoonekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na vyama vya akiba vimewaamini ninyi na mikopo ya watu. Tena Git haisahau: ukifuta nywila leo, bado ipo kwenye historia, na kila mwenye nakala ya repo anayo. Ikitokea imeingia, badilisheni nywila yenyewe siku hiyo hiyo.

Sasa mwenzenu anayehamia Dar. Usimwombe aandike anachokijua. Atakaa mbele ya ukurasa mtupu, ataandika mambo anayodhani ni makubwa, na yale madogo aliyoyazoea hadi hayaoni tena ataondoka nayo. Kaa naye wewe. Fungueni historia ya Git ya mradi mmoja, mpitie marekebisho kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, na kila mkifika kwenye rekebisho dogo lenye maelezo mafupi kama "imerekebishwa" au "sasa inafanya kazi", simama umuulize: hapa uliona nini? Yeye azungumze, wewe uandike, kuanzia dalili. Anzeni na mfumo wa shule kabla ya vyama, kwa sababu ada na mitihani vina msimu wake, na makosa ya Januari hakuna atakayeyaona tena mpaka Januari ijayo, yeye akiwa ameshaondoka. Mkipata saa moja kila asubuhi kwa wiki mbili itatosha kwa mfumo huo na sehemu ya vyama. Yatakayobaki, chukua namba yake na umwambie mapema kwamba utampigia.